Swali Asiloulizwa Baba Mkwe

Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ina masharti machache sana, na mimi huyarudia kila asubuhi kwenye benchi la wagonjwa wa nje kabla daktari hajafika. Imeze nzima, usiifungue, usiitafune. Imeze kwa maji, nusu saa kabla ya kula, siyo baada ya kula wala katikati ya kula. Kama unatumia dawa nyingine, hasa hizi za kutuliza mgongo na magoti, sema usifiche. Na ukiona choo chako kimekuwa cheusi, kinang'aa kama lami, usingoje kesho, njoo mbio. Basi. Nimewafundisha wavuvi wa kule ziwani, nimewafundisha wakulima wa mpunga, nimewafundisha mabibi ambao Kiswahili chao ni salamu tu, na wote wakashika. Nyumba moja ndiyo iliyonishinda, nayo ni hiyohiyo ninayolala mimi.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Muheza. Nilipangiwa kazi kituo cha afya huku Kyela nikiwa sijui hata basi linapita wapi, nikaja na sanduku moja nikijiambia nitakaa kidogo nihame. Nikaolewa. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, Mnyakyusa wa hapahapa upande wa Ipinda, na tumejenga ndani ya kiwanja cha baba yake. Nyumba yetu iko huku, ya wazee iko kule, na katikati kuna miti ya kakao na chanja ya kuanikia mbegu zake. Nikisimama mlangoni kwangu nauona mlango wa wazee, nasikia hata sufuria yao ikifunikwa. Na kwa miaka yote niliyokaa hapo sikuwahi kumwona baba mkwe wangu usoni.

Msinicheke. Huku mke wa mtoto hamkaribii baba wa mumewe. Hamsalimii, hampi mkono, hali naye, hapiti alipo, halitaji jina lake. Mzee akitokea, mke ajifunike khanga apotelee migombani, na mzee naye akimwona mkwe mbele anageuza njia. Ni heshima, tena heshima kubwa, sitaki mtu aidharau. Siku hizi wengi wameilegeza, hasa mjini Kyela, na kuna wake wa rafiki zake mume wangu wanaowapakulia wakwe zao mezani na kutaniana nao. Baba mkwe wangu hakulegeza hata uzi. Alikuwa na kikohozi chake cha kupiga hodi. Kabla hajakunja kona ya chanja alikohoa, kisha akasimama kidogo, ili mimi niache nilichokishika nikimbilie ndani. Nimemwaga ndoo za maji, nimeunguza vitunguu, nimemwacha mtoto na povu la sabuni machoni, kwa ajili ya kikohozi.

Kwetu Muheza mkwe ni baba. Unampigia goti, unamnawisha mikono, akiumwa unamkanda. Ila nisiseme uongo, nilipoolewa niliona nimepata bahati. Nikasema loo, baba mkwe asiyekuchungulia sufuria! Shangazi yangu aliponipigia simu kuniuliza wakwe wakoje, nilimwambia mmoja ni mpole na mwingine ni kikohozi. Tulicheka sana siku ile.

Chochote kilichotoka kwake kuja kwangu, au kwangu kwenda kwake, kilipita kwa mama mkwe. Sasa mama mkwe ni mtu mwema, nalisema hilo mapema kabla sijaanza kumsema. Hawezi kukuona unapita bila kukutwisha ndizi. Lakini ujumbe ukipita kwake unatoka umeoshwa na kupigwa pasi. Kuna mwaka nilimtuma amwambie mzee kwamba mbuzi wake ananimalizia mchicha. Baada ya siku mbili nikasikia kwa mume wangu kwamba mzee amefurahi, ameambiwa mkwe wake anamsifu mbuzi jinsi alivyonenepa. Na jibu nililoletewa mimi lilikuwa ndaga. Ndaga ndiyo asante ya huku, na kwa mama mkwe ndiyo jibu la kila kitu. Mchicha ukaliwa hadi mizizi.

Mwaka jana, mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, mama mkwe alikuja jikoni kwangu, akavuta kigoda, akakaa kimya. Nilijua kuna jambo, maana yeye na kimya hawajuani. Mwishowe akasema mzee tumbo linamchoma. Akila linatulia, halafu linarudi na nguvu mpya, na usiku anaamka kutafuta ndizi zilizolala. Nikamwambia amlete kituoni kwetu kesho yake. Akanitazama kama niliyetukana. Aje kituoni ambako mkwe wake anazunguka na trei? Wakikutana koridoni itakuwaje? Ikabidi mume wangu aombe ruhusa shuleni, ampakie mzee kwenye bajaji hadi hospitali ya mjini, wakaambiwa ni vidonda vya tumbo, wakarudi na pakiti ya omeprazo. Mume wangu akaniwekea pakiti mezani akasema mimi ndiye ninayejua haya mambo, nipange.

Nikapanga. Nilimketisha mama mkwe, nikamwonyesha kidonge chenyewe, kile cha maganda mawili ya rangi, nikamwimbia masharti yote tangu la kwanza hadi la mwisho, nikayarudia, nikamwambia naye ayarudie. Akarudia bila kukosea. Nikamuuliza kama mzee anatumia dawa nyingine yoyote. Akaenda, akarudi, akasema hapana, ndaga. Nikafurahi nikajiona nimemaliza kazi.

Siku kadhaa zikapita, mzee bado anaungua. Nikashangaa. Dawa ile haikawii hivyo. Siku moja nikaenda kwa wazee kurudisha ungo, nimehakikisha kwanza kwamba kikohozi kiko shambani, na pale kando ya mafiga nikayaona maganda. Nusu za vidonge, za rangi mbili, zimekaa kwenye majivu kama maganda ya karanga. Nikahisi damu inanipanda kichwani. Nikauliza, mama, haya nini?

Wala hakuona haya. Alinieleza kwa fahari. Kitu kinachotoka kwa mkwe, alisema, hakiendi kitupu. Ukimpelekea mkweo kitu, kinakwenda na chakula, tena chakula kilichofunikwa. Sasa yeye ampelekee mzee kidonge kikavu kutoka mkononi mwa mke wa mwanawe, tena kwenye tumbo lenye njaa? Si ndivyo watu wanavyowekeana sumu? Kwa hiyo alikuwa anakifungua, anamimina zile chembechembe kwenye uji wa moto, na anakoroga vizuri zisionekane.

Nilikaa chini palepale mavumbini. Nikamweleza kwamba zile chembe zimevishwa koti, kwamba bila koti asidi ya tumbo inazila kabla hazijafika utumboni zinakofanyia kazi, na uji wa moto unalivua koti lenyewe. Akasikiliza kwa makini kabisa. Halafu akaniuliza, yaani dawa ya kuzima asidi inaogopa asidi? Nikamwambia ndiyo. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi sikucheka. Niliona siku zote zile zimepotea kwenye bakuli la uji.

Lakini tulipatana. Ilinibidi nitumie akili ya huku, siyo ya chuoni. Nikachukua sahani nzuri, ile ya wageni, nikaweka kidonge kimoja katikati, nikafunika kwa sahani nyingine, nikaweka glasi ya maji pembeni, nikamwambia mama mkwe haya, peleka, hicho ndicho chakula cha mkwe. Akakibeba kwa mikono miwili kama anayepeleka kuku mzima. Toka siku hiyo mzee akawa anafunuliwa sahani alfajiri, anakuta kidonge, anakimeza, anakaa, ndipo uji unafuata. Mume wangu akaniambia baba amepata nafuu. Hata usingizi amepata. Amerudi shambani kuvuna.

Hapo ndipo watu wote walipotulia na mimi nikaanza kukosa amani. Dawa hii ina ubaya wake ambao hauandikwi kwenye pakiti kwa herufi kubwa. Inanyamazisha. Mtu anaweza kuacha kuungua huku ndani kidonda kinaendelea na mambo yake, na kwa sababu haumwi anaona amepona. Ndiyo maana kazi ya muuguzi haiishii kwenye kumeza. Unamtazama mgonjwa wako. Unavuta kope ya chini uone kama damu imepungua mwilini. Unauliza kizunguzungu, unauliza kutapika, unauliza choo. Sasa niambieni, mgonjwa ambaye ukimtokea anakimbia utamvuta kope saa ngapi?

Nilichokuwa nacho mimi ni kikohozi tu. Na kikohozi kilianza kubadilika. Zamani mzee akikohoa, mimi nikiingia ndani, nilisikia kandambili zake zikipita upesi mbele ya dirisha, kisha mlango wa zizi. Sasa alikohoa, akasimama, na nikasikia kimya. Nikasimama nyuma ya pazia nikingoja apite ili nirudi kwenye nguo zangu, na hapiti. Kisha nikasikia pumzi. Ameegemea chanja, anahema kama aliyepanda mlima, na kutoka zizini hadi pale hakuna hata mwinuko. Siku ya kwanza nikasema labda ni jua. Siku zilizofuata nikaanza kumngoja kwa makusudi, nimesimama nyuma ya pazia langu, nikisikiliza pumzi za mgonjwa wangu kupitia kitambaa cha maua.

Nikamfuata mama mkwe. Alikuwa anapepeta mchele. Nikasema, "Mama, muulize choo chake kina rangi gani."

Ungo ukasimama. "Nimuulize nani?"

"Baba."

"Nimwambie nani anayeuliza?"

"Mwambie muuguzi."

"Muuguzi ni nani? Si ni wewe?"

Akaendelea kupepeta, polepole, bila kunitazama. Nikamweleza kwamba siulizi kwa ubaya, kwamba mwili wa mtu ukivuja ndani, damu hutokea huko chini ikiwa imegeuka nyeusi, na ndiyo alama pekee tuliyopewa. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema ameelewa. Jioni akaja na jibu: anasema analala vizuri, ndaga.

Nikamgeukia mume wangu. Huyo ni mwanawe wa kuzaa, anamwona kila siku, wanakaa wote jioni wakipiga soga. Nikamwambia neno kwa neno la kuuliza. Akakuna kichwa. Akasema hata yeye si rahisi, mtoto hamuulizi baba yake mambo ya chooni, lakini atajaribu. Akaenda. Nikawasikia kule wakiongea mpunga, wakiongea mpira, wakiongea bei ya kakao, wakicheka. Akarudi akaniambia mzee ni mzima. Nikamuuliza kama alimuuliza. Akasema aliona si mahali pake. Jamani! Mwanamume anasimama mbele ya darasa lililofurika watoto akafundisha mmeng'enyo wa chakula, mdomo mpaka mwisho wa safari, na kuuchora ubaoni kwa chaki ya rangi. Kwa baba yake ulimi ukafa ganzi. Usiku ule sikumpa mgongo kwa sababu ya kiburi, nilimpa mgongo kwa sababu nilikuwa nimekasirika kweli.

Nilimwomba pia daktari wetu wa kituo. Akasema mgonjwa aje. Nikampelekea mama mkwe ujumbe huo, mzee akajibu yeye haumwi tena, kwa nini aende hospitali mtu asiyeumwa. Na hilo, kwa bahati mbaya, lilifika bila kupunguzwa.

Ikaja siku ya gulio. Mama mkwe alikuwa ametangulia Ipinda na tenga lake la ndizi, mume wangu yuko shuleni, watoto wako shuleni, na mimi nilikuwa na zamu ya mchana, nikaona nianike nguo kabla sijaondoka. Nikasikia kikohozi. Nikaacha shuka nusu kambani, nusu chini, nikaingia ndani, nikasimama mahali pangu nyuma ya pazia. Nikangoja. Kandambili hazikupita. Pumzi nazo sikuzisikia. Kisha chanja ikalia, na nikasikia mbegu za kakao zikimwagika kama mvua ya mawe.

Nikatoka. Kwa mara ya kwanza kikohozi kilinitoa nje badala ya kuniingiza ndani.

Alikuwa chini, kwenye majani makavu ya kakao, na mbele yake ametapika. Nyekundu, na ndani ya ile nyekundu machicha meusi kama ya kahawa. Nimeona matapishi ya namna ile kazini, najua maana yake. Nikapiga hatua mbili kumwendea, naye akageuza kichwa akaniona. Na yule mzee, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kujifuta mdomo, akaanza kujiburura. Kwa viwiko. Anatafuta shina la mti ajifiche nyuma yake ili mkwe wake asimwone. Damu inamtoka na ananikimbia.

Sijui nilisikia nini kwanza, huruma au hasira. Nadhani hasira. Nilipiga magoti nikamshika bega, nikasema, "Baba, usinikimbie. Nakuomba."

Akaacha. Lakini alifumba macho kwa nguvu na kuweka kiganja juu yake, na kiganja chenyewe kilikuwa cheupe kama karatasi. Nikavua khanga niliyojitanda begani, nikamfunika macho, nikaifunga nyuma ya kichwa taratibu kama bandeji. Sikujifunza hilo chuo chochote. Mara tu giza lilipomfunika mwili wake ukalegea, akakubali kushikwa. Nikamlaza ubavu. Nikamshika mkono, mapigo yalikuwa membamba, yanakimbia. Na hapo, nikiwa nimeinama sikioni mwake, nikamuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Baba, choo chako kina rangi gani?"

"Cheusi," akasema. Sauti yake sikuwahi kuisikia karibu, ilikuwa nyororo kuliko kikohozi chake. "Tangu tulipoanza kuvuna. Nilituma wakuulize kama ni hiyo dawa yako inayofanya hivyo. Ukanijibu ndaga."

Nilitaka kupiga kelele. Nilipiga, lakini ilikuwa ya kumwita jirani alete bajaji.

Tulipokuwa tunampakia, mfukoni mwa shati lake ikaanguka karatasi ya vidonge, nusu imekwisha. Diklofenaki. Ya magoti, ya kufanyia kazi za shamba, ameuziwa dukani bila mtu kumuuliza swali hata moja. Dawa inayochubua tumbo, juu ya tumbo lenye kidonda, na mimi huku kila alfajiri nafunika sahani. Nilikishika kile kikaratasi njia nzima mpaka kikaloa jasho. Kituoni kwetu wenzangu wakamtundikia dripu, daktari akatazama mara moja tu akaita gari, na mjini Kyela wakampa damu na ileile dawa yangu ya kupunguza asidi, safari hii kwa mshipa. Mume wangu alilaza mkono wake akatoa damu, mdogo wake akatoa. Mimi nilikaa nje ya wodi. Ndani kulikuwa na wauguzi wengine, na wao waliruhusiwa kumtazama.

Alipona. Nasema mapema ili msikae roho juu. Lakini kupona kwake hakukunitoa hasira, kulinipa nafasi ya kuzitumia. Kwanza nilikwenda kwa yule mwenye duka la dawa, nikamwekea kikaratasi mbele yake, nikamwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikamkabili mama mkwe. Nilimuuliza kwa nini. Mzee alikutuma, mimi nilikutuma, swali ni moja, ulibeba swali moja kwenda na kurudi ukatupa ndaga wote wawili. Na diklofenaki ulikuwa unaijua. Akasema alijua, lakini mimi niliuliza dawa, ile ya magoti mzee haiiti dawa, anaiita nguvu. Halafu akashusha sauti. "Ningewaambiaje ninyi wawili maneno ya chooni? Nilikuwa nawatunzia heshima yenu."

Alilia aliposema hivyo. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumbembeleza. Niliinuka nikaenda kuokota mbegu za kakao zilizokuwa bado zimetawanyika chini ya chanja.

Ndugu nao hawakuniacha. Wazee wa ukoo walikutana siku chache baada ya mzee kurudi, nami nikadhani, mpumbavu mimi, wanataka kushukuru. Walikuja kusema kwamba mkwe amemshika mkwewe na amesema naye, tena amesema maneno yale, na haliwezi kuachwa hivihivi, lazima mnyama achinjwe, watu wale nyama, jambo liwekwe sawa. Mume wangu alinitazama akijua kitakachonitoka. Hakikunitoka. Nilijing'ata ulimi mpaka ukauma, maana nilimsikia mume wangu anasema sawa, mbuzi yupo. Ni yuleyule aliyekula mchicha wangu. Nilimpika mwenyewe kwa chumvi nyingi, na nilikula kuliko wote.

Baada ya hapo maisha yakarudi mahali pake, jambo ambalo lilinichosha kuliko ugonjwa. Kikohozi kikarudi konani. Mimi nikarudi nyuma ya pazia. Sahani mbili zikarudi alfajiri, kidonge kimoja katikati. Nilikuwa nampa mama mkwe bila maneno, naye anapokea bila maneno, na sahani tupu inarudi na ndaga. Kila nilipolisikia lile neno nilihisi kama natupiwa maji ya vyombo. Ningetuma swali gani tena? Nilikuwa nasikiliza kandambili tu. Zilipita vizuri, upesi, lakini nilishajifunza kutoziamini.

Jumapili moja nilikuwa na wageni, akina mama watatu wa kwaya, tunakunywa chai tukipanga sare. Mama mkwe akatokea mlangoni na sahani zake. Kwa kawaida angeanza na ugonile, habari za asubuhi za Kinyakyusa, kisha za watoto, kisha za kwetu Muheza, kisha za kuku. Siku hiyo hakusalimia mtu. Alisimama katikati ya mlango, amenyooka, amezishika sahani kifuani, anatazama ukuta juu ya vichwa vyetu.

"Anasema rangi ni ya kahawia," akasema kwa sauti kubwa. "Ya kawaida. Amemeza kabla ya uji."

Wale akina mama wakatazamana. Mmoja akaweka andazi chini.

"Na anasema magoti yanamuuma sana, lakini hajameza kitu," mama mkwe akaendelea, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. "Anakuuliza afanyeje."

Nilisahau wageni. Nilimtazama yule mama, amejaa aibu mbele ya akina mama wa kwaya, amebeba maneno ya mtu mwingine mpaka mwisho bila kudondosha hata moja. Nikavuta kiti changu nikampisha.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Jibu lake ni refu, na litakwenda lote."